Simu ya Kwenye Mtulinga

Matroni wa shule ya binti yangu ni mtu mwema, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma zaidi. Mtu mbaya akikutupia neno baya unamwachia ubaya wake, unaenda zako. Huyu alinikalisha kwenye kiti kizuri, akanigeuzia uso mzima ili nisome midomo yake, akasema polepole: "Mama, sisi tunahitaji namba ya mtu anayepatikana."

Masikio yangu yaliondoka na sindano. Niliugua kifua kikuu kile sugu, nikachomwa sindano miezi mingi, kifua kikapona na masikio yakaenda. Sikio la kulia halina kitu kabisa. La kushoto limebakiza mvumo tu, kama lori linalopanda mlima huko mbali. Nilijaribu kile kifaa cha kuvaa sikioni, kikaniongezea malori, nikakirudisha. Sauti ninayo na naongea kama zamani, kwa hiyo wasionijua hudhani nina kiburi, maana wananisalimia kwa nyuma nami napita. Mtaani kwetu Mkolani nimeshapewa sifa hiyo na sijaikataa. Afadhali uitwe mwenye kiburi kuliko kuonewa huruma na watu ambao jana ulikuwa unawapunja kitambaa.

Binti yangu ana selimundu. Huku kwetu anayeijua hahitaji kuelezwa. Asiyeijua nitamwambia hivi: damu hukwama njiani, na ikishakwama, mifupa humuuma mtoto mpaka anakosa pa kujiweka. Akiwahiwa kwa maji, dawa na joto, anatulia. Akicheleweshwa ni kulazwa, na wapo wanaolazwa wasirudi. Ndivyo tulivyoishi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, enzi ambazo nilikuwa bado nasikia. Maumivu yakimshika nilikuwa namlaza kifudifudi mapajani, nampigapiga mgongoni kwa kiganja: mbili nzito, halafu tatu nyepesi za harakaharaka, kisha napumzika, naanza tena. Sijui nilikotoa mapigo hayo. Hayakuwa ya wimbo wowote. Lakini akiyapata alikuwa anapunguza kulia, basi yakawa dawa yetu ya nyumbani, na hata alipokuwa mkubwa aliendelea kuyadai.

Alipomaliza darasa la saba akapangiwa shule ya bweni Misungwi. Nusu ya ukoo wakasema asiende, maji ya baridi ya kuoga asubuhi yatammaliza. Mwenyewe akalia ili aende. Mimi mtoto anayelilia shule simzuii, akaenda. Wanafunzi hawaruhusiwi simu pale, kwa hiyo tulipatana na matroni kwamba akianza kubanwa, yeye atanipigia mpaka nishtuke, halafu atanitumia meseji. Meseji naisoma vizuri kuliko hao wenye masikio. Na kutoka Mkolani hadi Misungwi ni barabara moja, hakuna kona ya kukupoteza.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulihitaji nijue kwamba simu inaita.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibaraza changu kando ya barabara, na cherehani yangu ni ile ya kukanyaga, chuma kitupu, ya zamani kuliko mimi. Siku ya mkasa nilikuwa nashona sare za kwaya, kitambaa cha kuteleza, akili yote iko kwenye sindano. Simu yangu, kitochi cha vitufe, ilikuwa ndani ya droo ya cherehani juu ya vifungo. Matroni akapiga, akapiga, akatuma meseji, akapiga tena. Nilifungua droo nikitafuta kifungo, ndipo nikaona. Jua lilikuwa limeshainama upande wa ziwa.

Nilimkuta binti hospitali ya wilaya, dripu mkononi, midomo imekauka na kupasuka. Pembeni ya kitanda, mahali pangu, ameketi wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Wifi anaishi Kamanga, ng'ambo. Alipigiwa baada yangu, akasubiri kivuko, akavuka maji, akapita mjini, akapita Mkolani, akapita mbele ya kibaraza changu mimi nikiwa nimeinama nakanyaga cherehani, akafika kabla yangu. Hakusimama kunichukua kwa sababu alidhani nimeshatangulia. Mama gani angekuwa hajatangulia?

Ni baada ya hapo ndipo matroni aliponikalisha kwenye kile kiti. Alisema namba yangu hawataifuta, ila ya kwanza kupigiwa itakuwa ya shangazi yake. Likizo ilikuwa inakaribia. Nikamwambia shule ikifunguliwa nitarudi na simu nitakayoijua ikiita, hata nikiwa ndani ya pipa. Akatikisa kichwa kwa upole wa mtu asiyeamini. Wifi naye akaniandikia meseji: "Usijali wifi, mimi nipo." Nilijali. Nilijali mpaka nikaunguza suruali ya mteja kwa pasi.

Kuanzia hapo sikushona tena kama fundi. Nakanyaga kidogo, nasimama, natazama simu. Nakanyaga, nasimama. Mishono ikawa na vituo vituo, wateja wakaanza kuniuliza kama mashine ni mbovu. Nilisema ndiyo, mbovu. Ilikuwa rahisi kuisingizia mashine. Wale waliosema haraka haraka haina baraka sidhani kama walikuwa na mtoto wa selimundu bwenini.

Nikaenda mjini kununua simu ya kupapasa. Niliingia duka la kwanza nililoliona, kijana wa kaunta akaanza kunionyesha kamera. Nikamwambia sitaki picha, nataka simu inayotetema. Akasema zote zinatetema, mama. Nikamwambia tutaona. Nikawa naichukua moja moja, naibana kwenye mkanda wa sidiria, juu kabisa, pale kwenye mtulinga, mfupa huu unaopita chini ya shingo. Hapo ndipo tunapoweka simu na hela tangu zamani, na mfupa ule hauna nyama ya kumeza kitu. Kila nikibana namwambia kijana: "Haya, piga." Yeye anapiga huku akitazama dari. Wateja wengine wakatafuta sababu ya kukaa dukani. Nyingine zilitetema kama mbu kwenye chandarua. Mwishowe nikapata moja iliyotetema mpaka meno yakagongana, nikainunua, nikatoka nikiwa nimevimba kwa furaha.

Binti alikuwa amesharudi likizo. Nikakaa kwenye cherehani, simu mtulingani, nikamwambia asimame nyuma yangu anipigie. Nikaanza kukanyaga. Nikashona upande mzima wa shati nikisubiri. Nikageuka kumwambia mbona hapigi, nikamkuta amesimama na kitochi sikioni, anapiga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepiga kwa muda mrefu.

Fundi mzima, miaka yote hii nimekaa juu ya ile mashine, nikaenda kupima mtetemo nikiwa nimesimama wima dukani! Cherehani ya kukanyaga hutetemesha kila kitu. Inaanzia kwenye nyayo, inapanda magotini, inafika mabegani. Wenye masikio hudhani ni kelele tu. Kwangu ni mwili mzima, na ndani ya mtetemo huo simu ilikuwa tone la maji ziwani. Nilikasirika nikaipiga cherehani kofi. Binti akacheka, halafu akanyamaza haraka, halafu akashindwa akacheka tena, nami nikacheka kwa hasira.

Yeye ndiye aliyechimba ndani ya mipangilio akaona kwamba simu inaweza kumulika taa yake ya nyuma kila inapoita. Tukaitundika ukutani mbele yangu. Asubuhi ikafanya kazi vizuri kabisa. Jua lilipoingia kibarazani taa ikafa machoni, huwezi kuitofautisha na bati la jirani. Baya zaidi, nikaanza kuona taa pasipo taa. Kila pikipiki iliyopita na kioo chake ilikuwa mtoto wangu anaumwa Misungwi, wakati mtoto mwenyewe yuko hapa hapa anakunja vitambaa. Nilikuwa naruka kwenye kiti. Usiku vidole vya miguu vilikuwa vinaendelea kukanyaga kitandani peke yake.

"Mama," binti aliniambia, akinishika kidevu ili nimtazame mdomoni, "mwache tu shangazi awe wa kwanza. Si kitu."

"Kwako si kitu?"

Akachukua ndoo. Akaenda kuchota maji. Nilimwona mgongo ukienda, nikajua kwake ni kitu.

Shule ilibakiza wiki moja kufunguliwa tulipoirudisha ile simu. Duka lile lilikubali kuinunua kwa hasara yangu, na nilichopata kilitosha simu moja nyingine, si zaidi. Safari hii tukaenda kwa mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yao imekuwa na duka mtaa ule tangu babu zao, zamani vitambaa, sasa nusu vitambaa nusu simu. Huyo namfahamu, nilikuwa nanunua nyuzi kwake. Anapokezana Kiswahili na Kisukuma na wakulima kaunta hiyo hiyo, na hajawahi kunipigia kelele. Ananigusa mkono, nikigeuka ndipo anasema.

Nikamweleza yote. Akafikiri, akatoa saa ya mkononi inayotetema. Nikamkatalia kabla hajaifungua, maana mkono wa fundi unaosukuma kitambaa ndio unaotetema kuliko vyote. Akatoa simu mpya, kioo kikubwa, akaiweka katikati yetu kwenye kaunta, akasema kitu akiwa ameinama anatafuta waya wa chaji. Sikuona mdomo wake. Lakini kwenye kioo maneno yakaanza kujiandika: mvua ya jana imeingia stoo, nimeanika vitambaa mpaka juu ya paa.

Niliyasoma mara mbili. Mtu alikuwa ameinama, hanitazami, anaongea mambo yake ya mvua, na mimi nimeyapata! Sijui kama mwenye masikio anaweza kuelewa. Watu huniambia mambo muhimu tu. Wakinigeukia ni kwa sababu kuna neno la lazima: lipa, njoo, mgonjwa, amekufa. Yale ya kunong'ona, ya kupita tu, ya mvua, nilikuwa nimeyazika. Nikaushika ukingo wa kaunta. Binti akaniona, akaisogelea ile simu akasema, "Mama yangu anataka kulia ila ana kiburi," na hayo nayo yakaandikwa. Nikamfinya.

Nikaibana mtulingani. Mtetemo wake ulikuwa wa mbu.

Mwenye duka akaleta nyingine, ya zamani iliyotumika, kona moja imechubuka. Hiyo haikujua kuandika Kiswahili cha mtu. Binti akakaa nayo kwenye stuli, akapekuapekua, kisha akainua kichwa kwa namna iliyonifanya nisimame. Alikuwa amepata mahali ambapo mtu anaweza kutengeneza mtetemo wake mwenyewe: unagusa kioo kwa kidole, na jinsi ulivyogusa, simu itakumbuka na kukurudishia. Unaupa namba moja tu, wengine waendelee na mtetemo wa kawaida.

"Inatetema kiasi gani?" nikauliza.

"Wastani."

"Wastani haunisaidii."

"Mama, subiri."

Akanipa kisogo, akafanya mambo yake kwenye kioo. Mimi nikawa nazunguka duka, nashika vitambaa nisivyovitaka. Aliponigeukia nikamwambia hapa dukani hatupimi tena, nimeshaumwa na nyoka. Barazani kwa mwenye duka kulikuwa na fundi wa kiume na cherehani kama yangu. Nikamwomba aninyanyukie. Alimtazama mwenye duka, mwenye duka akacheka, fundi akanyanyuka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, basi nikaketi barazani mjini mchana kweupe, simu imebanwa chini ya mkanda, nikachukua mabaki ya kitambaa cha mtu nisiyemjua, nikaanza kukanyaga. Nikakanyaga kwa nguvu zote, makusudi, mpaka meza ikacheza.

Mbili nzito. Tatu nyepesi za harakaharaka. Kimya. Mbili nzito.

Miguu ilisimama kabla yangu. Mtetemo wa cherehani hauna vituo, ni mmoja tu, unaendelea. Huu ulikuwa unaingia na kutoka humo ndani kama mtu anayejua mlango. Sikuhitaji nguvu. Niliutambua kwa mfupa, kama unavyotambua mkono wa mtu wako gizani. Nikageuka. Binti amesimama na simu ya mwenye duka mkononi, midomo ameibana, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Sikujua kama anayakumbuka kwa kidole. Nilidhani mapigo yale yanajulikana na kiganja changu tu.

Mwenye duka akaziweka simu mbili kaunta, ile inayoandika na ile iliyochubuka, akasubiri. Sitasema nilichagua kwa moyo mweupe. Niliitazama ile mpya mpaka nikaona aibu. Niliwaza mazungumzo yote yatakayopita nyuma ya kisogo changu mpaka nife. Nikachukua ile iliyochubuka, na njiani kurudi Mkolani sikutaka kuongea na mtu.

Shule ilipofunguliwa, mtetemo ule tukiwa tumeshauhamishia kwenye namba ya matroni, nilimwonyesha. Nikamwomba anipigie nikiwa nimempa mgongo, nikamwambia ni yeye kabla hajashusha simu. Akatabasamu. "Tutaona mama," akasema, na namba ya wifi ikabaki juu ya yangu kwenye ukuta wa ofisi yake. Mtu aliyewahi kupiga simu mchana kutwa mtoto akilia mbele yake huwezi kumtuliza kwa mchezo wa dakika moja. Sikumlaumu, ila nilimnunia.

Basi nikangoja. Ni jambo la ajabu kuvaa kitu mtulingani na kuomba kisikuguse. Wateja walipiga, mtetemo wa kawaida, mara nyingi sikuusikia na sikujali, nikapoteza kazi mbili tatu. Nilishona, na kila nikipumua vibaya nilidhani imeanza. Nikiweka simu kwenye chaji bado ngozi ilipigwapigwa. Jirani akaniuliza kwa nini najishika kifuani, moyo? Nikamwambia ndiyo.

Ilikuja asubuhi ya baridi baada ya mvua ya usiku. Nilikuwa napinda pindo la gauni. Mbili nzito, tatu nyepesi. Sikuitazama simu. Niliacha gauni chini ya sindano na mlango wazi, nikawa nimeshapanda bodaboda ndipo nikasoma meseji, na ilisema nilichokuwa nimeshakijua. Njia nzima nilimpiga dereva mgongoni aongeze mwendo, maskini, mbili nzito, tatu nyepesi, mpaka akageuka kunitazama.

Nilimkuta chumba cha wagonjwa cha shule, amejikunja chini ya blanketi mbili, chupa ya maji ya moto kiunoni. Bado walikuwa hawajampeleka popote. Nilitafuta kwa macho kiti cha pembeni ya kitanda. Kilikuwa kitupu.

"Wifi yuko wapi?" nikamuuliza matroni. "Amekwama kivukoni?"

Akanigeuzia uso mzima. "Shangazi yake sijampigia, mama. Binti amekataa. Amenishika mkono, anasema nipige kwako tu, nisipige kwingine."

Nikainama kwa binti, nikamshika kidevu kama anavyonishika mimi. "Ungekuwaje kama nisingejua? Ungekaa na maumivu haya mpaka lini?"

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, lakini niliisoma vizuri.

"Mpaka ufike."

Nikapanda kitandani na viatu vyangu vya tope, nikamlaza kifudifudi mapajani, mrefu sasa kuliko mimi, miguu ikining'inia nje. Nikaanza kumpigapiga mgongoni, nikakosea mapigo, nikakosea tena. Akautoa mkono wake chini ya blanketi, akanianzishia mapigo gotini.